Ulingo wa Babu

Stima ilikuwa imepotea Rongai nzima, simu imebaki na chaji asilimia 30, na mimi badala ya kulala nilikuwa natazama Mmarekani akipanda mti.

Alikuwa Wisconsin, huko kaskazini kwenye baridi, amevaa nguo za rangi ya majani makavu. Mgongoni hana kitu. Upinde wake ameuacha chini, ameufunga kamba, na akishafika juu na kukaa ndipo anauvuta polepole. Kabla hata ya kuinua mguu wa kwanza alikuwa ameshajifunga mshipi kiunoni na mapajani na kuunganisha kwenye shina, kwa sababu kule, alisema, kinachoumiza sana wawindaji wa juu ya mti si mnyama. Ni kuanguka. Halafu akaanza kueleza jinsi ya kuchagua mti. Angalia upepo kwanza, usikae mahali ambapo utapeleka harufu yako kwa mnyama. Usichague mti ulio peke yake. Tafuta shina pana nyuma yako, au matawi, ili umbo lako lisionekane dhidi ya anga. Usipande juu kupita kiasi, maana mshale ukitoka juu sana unakosa pembe nzuri. Na njia unayopitia kwenda mtini isikate njia ya mnyama.

Nikasimamisha video. Manze, haya si ni maneno ya babu?

Babu yangu hakuwahi kufika Wisconsin. Mbali kabisa alikofika ni Mombasa. Alizaliwa kusini mwa Kitui, upande ule ambao ukiendelea kutembea unajikuta ndani ya Tsavo, na Mto Tiva ndio uliokuwa barabara yake. Nasema mto, lakini Tiva mwaka mwingi ni mchanga tu. Maji yako chini. Kiangazi kikikolea, ndovu huchimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokee, kisha wanyama wengine wote wanakuja kunywa kwenye visima vyao. Kwa hiyo mwindaji wa Tiva hakuwa na haja ya kumfuata ndovu. Alihitaji kujua ndovu atachimba wapi, na kutafuta mti karibu na hapo.

Kwa Kiswahili kitu hiki kina jina lake: ulingo. Siku hizi tukisikia ulingo tunafikiria siasa, au mabondia. Lakini ulingo wa asili ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, mtu akae pale alinde shamba dhidi ya ndege na nguruwe, au amvizie mnyama. Wa babu ulikuwa fito nne au tano zilizofungwa kwa kamba za magome kwenye panda la mti. Basi. Hakuna mshipi.

Alinieleza haya nikiwa na miaka kama kumi, tukiwa tumekaa chini ya mwembe nyumbani, na alinieleza kama mtu anayefundisha kazi. Mgunga haufai, alisema, kiangazi unapukutisha majani na unabaki kama mifupa, ndovu wa mbele atakuona kabla hujamwona. Mbuyu ni rahisi kupanda ukipigilia vigingi kama wanavyofanya warina asali, lakini kiangazi nao uko uchi. Mti wa kweli ni mkwaju. Unasimama kando ya mto, majani yake ni mengi, kivuli chake ni kizito hata mwezi ukiwaka. Ukae upande ambao jua la jioni liko nyuma yako, si usoni. Uwe juu kuliko mkonga wa ndovu unavyofika, na mkonga unafika mbali kuliko unavyodhani. Ujenge ulingo wiki kadhaa kabla, uuache, harufu ya mikono yako iishe. Siku ya kuwinda usile kitunguu, usivute tumbaku. Na ukipanda, upinde ubaki chini, uuvute kwa kamba.

“Kwa nini usipande nao?” nikauliza.

“Mshale una sumu,” akasema. “Ukianguka juu yake, hakuna wa kukuzika siku hiyo hiyo. Watakupata wakati ndege wameshakupata.”

Sumu yenyewe ilitoka kwa mti ambao Wakamba huuita kivai na watu wa Pwani msungu. Vipande vya mti vinachemshwa kutwa nzima mpaka maji yanakuwa kitu cheusi kama lami. Wanasayansi Wafaransa waliipata kemikali yake mwaka wa 1888 wakaiita uabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali, waabaayo. Inasimamisha moyo. Wazee waliijaribu hivi: mtu anajikwaruza mkono, anaacha damu itiririke, kisha anagusisha sumu kidogo kabisa pale chini mwisho wa mchirizi. Kama sumu ni kali, damu inageuka nyeusi na weusi unapanda juu kuelekea kidondani. Unaifuta haraka kabla haijafika. Mshale uliopakwa ulifungwa kwa ngozi laini, jua na hewa visiuharibu, na ngozi ilifunguliwa mtini, mnyama akiwa ameshafika.

Sasa, kabla hujaanza kumwona babu kama jangili, ngoja kidogo. Neno hilo lina historia.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilikuwa biashara ya heshima Ukambani. Misafara ya Wakamba ilizibeba hadi Mombasa. Kivoi wa Mwendwa, yule mfanyabiashara wa Kitui aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Krapf mwaka wa 1849, hakuwa mhalifu, alikuwa tajiri. Wawindaji walikuwa na viongozi wao, na mtu mwenye shabaha alipata mke bila kubembeleza sana.

Kisha sheria zikaja. Mwaka wa 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London na kutia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama wa porini. Nia ilisikika nzuri. Lakini namna sheria zilivyofanya kazi hapa kwetu ni kwamba kuwinda kukawa kitu cha leseni, na leseni ikawa kitu cha mwenye pesa na bunduki. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa, akapanda treni hadi nyanda za Kapiti, Ukambani kwenyewe, akaanza kupiga risasi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Hiyo iliitwa safari. Mkamba wa hapo jirani akimchoma swala mshale ili watoto wale, huo ulikuwa ujangili.

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948, na mbuga mbili za Tsavo tulizonazo leo kwa pamoja zina zaidi ya kilomita mraba 20,000. Watu waliokuwa wakiwinda humo vizazi na vizazi waliamka siku moja wakiwa wavamizi. Walioumia zaidi ni Wawaata, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu, watu wa upinde mkubwa kiasi kwamba wanaume wengi wenye nguvu walishindwa kuuvuta. Wao hawakuwa watu wa ulingo sana. Walimfuata ndovu kwa miguu, upepo usoni, mpaka wakafika hatua chache kutoka ubavuni mwake. Mwaka wa 1956 na 1957 wasimamizi wa mbuga, David Sheldrick na Bill Woodley wakiwa mbele, waliendesha operesheni kubwa ya kuwakamata wawindaji wa Tsavo. Wanaume walijaa jela. Mwaka wa 1960 ukaanzishwa mpango kando ya Mto Galana wa kuwapa Wawaata kazi ya uwindaji halali, lakini haukudumu, na ardhi ile baadaye ikawa ranchi.

Babu naye alikamatwa 1957. Si mtini. Nyumbani, alfajiri, akiwa amelala.

Hapo ndipo yeye alikuwa akinyamaza kila mara. Anakuchagulia mti, anakuonyesha upepo, anakuvutisha upinde kwa kamba, halafu ghafla anakutuma ukamletee maji. Nilidhani ni uzee.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na ulingo mwingine Kenya, na huo dunia nzima inaujua. Treetops, karibu na Nyeri, ilijengwa 1932 na Eric Sherbrooke Walker juu ya mti wa mugumo, kando ya bwawa ambapo ndovu na vifaru walikuja kunywa. Wageni walipanda ngazi, wakaambiwa wanong'one. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alilala pale, baba yake akafariki Uingereza usiku huo, akashuka akiwa malkia. Waongozaji wa watalii hawachoki kuisimulia hiyo hadithi.

Lakini mimi mtu anayenivutia usiku ule ni mzee mmoja aliyekuwa mlinzi, Jim Corbett. Huyu ndiye aliyeua simba-marara na chui wala watu kule Kumaon, India. Chui wa Rudraprayag, aliyehesabiwa kuua watu 125, Corbett alimpata mwaka wa 1926 akiwa amekaa usiku baada ya usiku kwenye ulingo juu ya mwembe, mbuzi mwenye kengele amefungwa chini. Wahindi huita ulingo huo machan. Mtu aliyejua kukaa mtini akamwona chui wake gizani, ndiye aliyehamia Nyeri uzeeni, akakaa juu ya mugumo na bunduki kumlinda binti wa mfalme. Angekutana na babu yangu, naamini wangeelewana kuhusu upepo ndani ya dakika tano.

Wasingekutana. Mwezi Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops. Ilijengwa upya 1957, ng'ambo ya bwawa lile lile. Mwaka ule ule babu aliokamatwa.

Babu alifariki 2011. Siku tatu baada ya mazishi, wageni wakiwa wameondoka, susu aliniita jikoni. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa wa mwisho kuuliza maswali.

Alisema maaskari walimpa babu mambo mawili achague. Aende jela, au awaonyeshe miti. Mke alikuwa na mimba ya kwanza, ambayo ni shangazi yangu. Babu akachagua miti. Alitembea nao kando ya Tiva siku nne, akiwaonyesha mkwaju baada ya mkwaju, huu una ulingo, ule uliachwa, pale subirini mwezi ukiwa mchanga. Alijua yote kwa sababu mingi aliichagua yeye mwenyewe. Katika mmoja, siku ya nne, alikuwepo mtu juu. Alikuwa kaka yake mkubwa.

“Aliteremshwa kama embe,” susu akasema. Hakuongeza.

Kaka yake alifungwa. Alipotoka hakurudi nyumbani, alikwenda Pwani na huko akaoa na kuzikwa. Babu alifuga mbuzi maisha yake yote. Alifundisha wajukuu jinsi ya kuchagua mti, kila mmoja wetu, lakini nikifikiria sasa, hakuna siku nilimwona akipanda wowote. Hata ule mwembe wa nyumbani. Embe zikiiva alitutuma sisi, akasimama chini akituelekeza kwa fimbo: shika lile tawi, hapana, lile jingine.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji kwa kila mtu mwaka wa 1977, na mimi naunga mkono. Mwaka wa 1973 ndovu wetu walikadiriwa kuwa 167,000, na kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Waliomalizwa katika miaka hiyo walimalizwa zaidi na bunduki, na nyuma ya bunduki walikuwa watu wenye pesa na ofisi. Mikwaju ya Tiva ilikuwa imenyamaza zamani. Yale yaliyowafunga babu na kaka yake hayakuwaokoa ndovu.

Wisconsin walitenga msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde mwaka wa 1934. Miaka zaidi ya tisini baadaye, yule jamaa wa kwenye video anaweza kusema hadharani, na uso wake uonekane, kile ambacho baba yake alimfundisha. Anaweza kukosea, akasahihishwa, akaongeza mshipi ili watu wasivunjike migongo. Maarifa yake yana mahali pa kukaa. Ya babu yalibaki chini ya mwembe, yakawa kitu cha kuambia watoto na kunyamazia watu wazima. Susu naye ameshafariki. Kati yetu wajukuu, sidhani kuna mwingine anayejua habari ya siku ya nne, na nimefikiria sana kama niiandike.

Nilibonyeza video iendelee. Jamaa alikuwa ameshakaa, amevuta upinde juu, anauning'iniza kwenye tawi. Akanong'ona kwamba sasa kazi imebaki moja tu, kungoja. Chaji ikafika asilimia tano. Nikazima simu, nikakaa gizani, nikisikiliza jenereta za majirani, na nikajikuta nakagua upepo unatoka upande gani.