Kuficha na Kuchubua: Maneno Mawili katika Historia ya Ngozi, Ziwa Kivu

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba kuficha doa la ngozi na kuichubua ngozi yenyewe ni vitendo viwili vyenye historia mbalimbali, ingawa sokoni huuzwa katika meza moja. Tutaitazama mada hii tukiwa Idjwi, kisiwa kilichowekwa upande wa Wabelgiji kwa mapatano ya mwaka 1910. Bukavu na Goma ndizo bandari zake za Kongo. Ng'ambo ya mashariki ni Rwanda.

Kuficha ni desturi ya kale. Wanawake wa pwani ya Waswahili walijipaka liwa usoni. Katika nchi za Maziwa Makuu siagi ya ng'ombe iliulainisha mwili. Huko Marekani, mwaka 1932, Lydia O'Leary alipata hataza ya krimu ya kufunika alama za kuzaliwa, na mwaka 1954 kampuni ya Max Factor ikatoa kijiti cha kufichia madoa kiitwacho Erace. Vyote hivi vina sifa moja: hukaa juu ya ngozi, na vikioshwa huondoka.

Kuchubua ni jambo jingine, na lugha inashuhudia. Kitenzi chubua humaanisha kuambua ngozi ya juu. Mkorogo, kutokana na koroga, hutaja mchanganyiko bila kutaja kilichomo. Wanyarwanda husema kwitukuza, yaani kujifanya mwekundu, kwa kuwa kwao wekundu ndio rangi ya ngozi iliyo nyeupe kidogo. Nchini Kongo, hata hivyo, neno la Kifaransa maquillage, ambalo asili yake ni kujipamba uso, limetumika pia kwa uchubuaji. Hapo neno lenyewe limekuwa poda: limefunika tendo.

Kilichofunikwa si kidogo. Zebaki na haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza melanini, kinga yake dhidi ya jua. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa ambao mafigo yao yalivujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za zebaki. Mwaka 1975 George Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kwamba haidrokwinoni, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuacha mabaka meusi yenye ubuluu mashavuni. Basi aliyeanza kwa kutaka kuondoa doa dogo hupata doa kubwa, na kwa kulificha hilo huongeza dawa ileile.

Sheria nazo zina historia yake. Operesheni Vijana ya Tanzania, iliyoanza Januari 1969, ilizipinga krimu hizo pamoja na sketi fupi na nywele za bandia. Hoja yake ilikuwa heshima ya utamaduni kuliko afya. Jumuiya ya Ulaya iliiondoa zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini haikukataza sabuni za zebaki kusafirishwa nje hadi mwaka 2003. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki kupita kiwango kidogo kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rwanda ilianza msako wa krimu hizo madukani.

Lakini msako huo una mwisho wake: mpaka umepita majini. Sheria ya ng'ambo hukamata chupa. Haikamati neno, na neno huvuka ziwa bila kulipa ushuru. Muuzaji akisema makiyaje, binti wa Idjwi hawezi kujua kama ananunua kifuniko cha siku moja au dawa itakayoingia damuni.

Kwa hiyo pendekezo letu ni la kiisimu, lakini shabaha yake ni afya. Shuleni na katika vituo vya afya, tuseme kuficha pale panapofichwa, na kuchubua pale panapochubuliwa. Kiswahili kimekwisha kutupa maneno yote mawili. Kosa ni kuyaachia yawe moja.