Mafundi wa Breki katika Njia ya Namanga

Hapo zamani Kitengela haikuwa ila malisho ya Wamaasai, ambamo nyumbu na pundamilia wa Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, walikwenda na kurudi kwa majira yao, na kati yake ikipita njia kuu itokayo Athi River kuelekea Kajiado, Namanga na Arusha. Kajiado ilikuwa imekwisha kupata reli tangu ilipojengwa njia ya Konza hadi Magadi, baina ya 1911 na 1915. Lakini reli ilikuwa na karakana zake, ilhali gari lililokwama njiani lilimwachia dereva na utingo wake kazi yote ya kulitengeneza.

Hali iligeuka tangu miaka ya 1980, ardhi ya ranchi ilipogawanywa kwa watu binafsi, na zaidi baada ya sheria ya 1990 iliyoleta viwanda vya bidhaa za nje huko Athi River, wafanyakazi wake wakatafuta nyumba za kupanga Kitengela. Yakaja magari yaliyokwisha kutumika Japani, na magari yakawavuta mafundi wa jua kali.

Miongoni mwa kazi zao zote, naiona kazi ya kutoa hewa katika breki kuwa ndiyo yenye adabu kubwa kupita zote. Breki za mafuta katika magurudumu yote manne zilitangulia kuuzwa Marekani mwaka 1921, katika gari la Duesenberg, na hekima yake ni hii, kwamba mafuta hayashindiliki, basi nguvu ya mguu huyafikia magurudumu yote. Ama hewa hushindilika, na kiputo kikiingia huila nguvu hiyo njiani. Kwa hiyo mmoja huketi penye usukani, na mwenziwe hulala chini na spana, mpira mwembamba uliochomekwa kwenye nipeli ya kutolea hewa ukiwa umetumbukizwa katika chupa yenye mafuta ya breki. “Pampu!” husema wa chini, kisha, “Shika!” Hapo nipeli hufunguliwa kidogo, mafuta yakatoka na viputo, pedeli ikazama, nipeli ikafungwa, na ndipo huamriwa, “Achia!” Anayeachia kabla ya amri huvuta hewa mpya ndani. Aghalabu huanzwa gurudumu lililo mbali na masta silinda, ambalo katika magari yetu ni la nyuma kushoto.

Siku hizi wenye magari wengi hununua breki pedi na kaliper wakazifunga wenyewe uani, wala silikatai jambo hilo, kwani ni haki ya mtu kukijua chombo chake. Lakini pedeli ikiwa laini baada ya kazi, kuisikiliza ni elimu. Ile inayopanda na kukaza kila ikipampuliwa ina hewa, au breki shuu za nyuma hazijasogezwa karibu na dramu. Ile inayozama polepole chini ya mguu uliotulia, pasipo mafuta kuvuja nje, hudhihirisha kwamba raba za masta silinda zimechoka, au zimekwaruzwa pale pedeli iliposukumwa hadi sakafuni, zikapita juu ya kutu ambayo hazikuzoea kuifikia. Na liko kosa moja lenye kumchosha mtu kutwa nzima: kaliper ya kulia imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia, hata nipeli ikaelekea chini, na kwa kuwa hewa hukaa juu, mafuta safi yatatoka chupa baada ya chupa na hewa isitoke kamwe, mpaka kaliper zibadilishwe.

Fauka ya hayo, mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye 140, na katika mteremko mrefu wa Kona Baridi kuelekea Magadi, ambako breki hupata moto sana, mvuke wake huifanya pedeli iliyokuwa ngumu nyumbani kwenda sakafuni. Ndiyo maana fundi mwangalifu hufungua kopo jipya, wala hatumii lile lililobaki wazi rafuni tangu kazi iliyopita.