Nani Anabeba Hema?

Kwetu turubai likipigwa mtaani, swali ni moja: pana harusi au msiba? Hufungwa kwa kamba kwenye mti na ukuta wa jirani, likatumika siku mbili tatu, kisha likakunjwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Hema ni kitu kingine. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nalo lina mlango, kuta na sakafu. Hapa Marekani wapo watu wanaotembea milimani kwa miezi, mizigo yao mgongoni, nao wameacha hema nyumbani wakachukua turubai. Makala haya yanaeleza walivyofika hapo, na kwa nini jambo hilo linatuhusu.

Hema la msafiri wa zamani lilikuwa la kitambaa kizito cha pamba na nguzo za mbao, na likilowa uzito ulizidi. Aliyelala ndani hakuwa na la kulalamikia, maana hakulibeba yeye. Katika misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara karne ya 19, mpagazi alichukua mzigo wa takriban kilo 30, na hema la Mzungu lilikuwa miongoni mwa mizigo hiyo, pamoja na kitanda chake. Hapakuwa na haja kubwa ya kubuni hema jepesi wakati mabega ya kukodi yapo.

Hali ilikuwa tofauti kwenye njia ya Appalachian, inayotoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000. Benton MacKaye alitoa wazo lake mwaka 1921, nayo ikakamilika 1937. Huko anayetembea ndiye mpagazi wake mwenyewe. Mwaka 1955 Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto 11 mwenye umri wa miaka 67, aliianza peke yake. Alivaa raba, akabeba begani mfuko wa jinzi alioushona mwenyewe, na ndani yake blanketi la jeshi na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Hema hakuwa nalo. Alifika mwisho baada ya siku 146, mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake katika msimu mmoja. Mwaka 1957 akairudia.

Aliyeigeuza desturi hiyo kuwa hoja ni Ray Jardine, mpanda miamba aliyetembea na mkewe Jenny njia ya Pacific Crest, kutoka mpaka wa Meksiko hadi wa Kanada. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 alionyesha kwamba uzito huzaa uzito: hema zito hudai begi kubwa, begi kubwa hudai viatu vizito, na viatu vizito huchosha miguu. Ukianza kupunguza, mnyororo wote unalegea. Turubai lake alilishona mwenyewe. Vitambaa navyo vilisaidia: kwanza nailoni, kisha nailoni iliyopakwa silikoni, halafu kitambaa kilichobuniwa kwa ajili ya matanga ya mashua za mashindano. Leo turubai la mtu mmoja laweza kuwa chini ya nusu kilo, na fimbo mbili za kutembelea zikawa ndizo nguzo zake.

Turubai lina dhiki zake. Mbu huingia watakavyo, na upepo ukigeuka mvua huja kwa ubavuni. Linamtaka mtu ajue mafundo, na achague mahali maji hayatakapotuama. Uzito ulioondoka mgongoni umehamia kwenye ujuzi.

Sasa turudi nyumbani. Kilimanjaro leo kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na wageni wengi bado hulia chakula ndani ya hema kubwa lenye meza na viti. Ujuzi wa kupunguza uzito upo na vitambaa vipo. Kinachokosekana ni ile sababu iliyomsukuma Bibi Gatewood: kilichokuwa kizito kilimuumiza yeye mwenyewe. Upagazi ni ajira, na sisemi iondolewe. Ila anayepanga safari ya mlimani na aliinue kwanza hema lake kwa mikono yake, kabla hajamkabidhi mwingine alibebe.