Sifa za Mfanyakazi Zilipokuwa Mkononi mwa Tajiri

Kabla mtu hajaweza kujiandikia wasifu wake wa kazi katika intaneti, akataja kwa hiari ujuzi wake na wadhamini wake, zilikuwako Kenya zama ambazo habari za mfanyakazi Mwafrika ziliandikwa na tajiri wake: ndizo zama za kipande, yaani karatasi ya utambulisho wa mfanyakazi, kilichowekewa sheria mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikamlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16. Karatasi ile, iliyokunjwa ndani ya kikopo cha bati na kutungikwa shingoni, ilichukua alama za vidole vyake, kabila lake, ujira wake na sahihi ya tajiri aliyemwachisha; na pasipo sahihi hiyo hata fundi hodari, mwenye mikono ya kusifiwa, hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, bali alihesabiwa mtoro wa kustahili faini au kifungo. Dhuluma hiyo, nami sioni jina jingine la kuipa, ni miongoni mwa mambo aliyoyapinga mwanaharakati wa Kenya Harry Thuku, hata akakamatwa Machi 1922. Nacho kipande kiliendelea kuvaliwa hadi miaka ya 1940.