Sauti ya Jike wa Uongo

Wasee, bata mzinga mnayemjua ni yule wa Krismasi, mnono, hata kuruka ua ni shida (na kwanza si bata). Yule wa porini Marekani ni kitu kingine kabisa. Anaruka, analala juu ya mti, na macho yake ni noma. Kumnyemelea ni ngumu. Ndio maana wawindaji hukaa chini, mgongo kwa mti, wakijifanya jike.

Shida ni kwamba msimu wa kupandana dume ndiye hupiga kelele na majike humwendea yeye. Mwindaji anataka mambo kinyume: dume amfuate jike. Kwa hivyo uongo lazima uwe msafi.

Kifaa cha kitambo ni mifupa ya bawa. Wenyeji wa asili wa Marekani waliunganisha mifupa ya bawa la bata mzinga mwenyewe ikawa mrija. Haupulizi, unavuta hewa kwa midomo kama unabusu. Sauti tamu, lakini kuijua ni kazi ya miaka.

Halafu 1897 Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, akapata hataza ya kisanduku cha mbao chenye kifuniko kilichoshikwa na skrubu upande mmoja. Paka chaki, sugua kifuniko ukingoni, jike huyo analia. Mkiniuliza, anza na hiki. Sauti yake inafika mbali hata kukiwa na upepo. Lakini kikilowa kimekwisha, na mkono ukisonga vibaya dume ameshakuona. Kuna cha sleti, unasugua kijiti juu ya jiwe kwa miduara midogo, ni mnong'ono wa dume aliyekaribia. Na kuna cha mdomoni, kampira kembamba kanakokaa kwenye kaakaa. Hicho kinakuachia mikono yote miwili, ila wiki za kwanza utasikika kama kuku anakabwa. Wengine hubeba hata cha kuiga bundi: alfajiri ukilia kama bundi, dume hushtuka na kujibu kutoka mtini, basi umejua aliko.

Ukishajibiwa, punguza mdomo. Jike akiita bila kupumzika, dume husimama palepale akingoja aje mwenyewe.

Sasa hii ndio sehemu inaniuma. Kisanduku cha Gibson kilikuja wakati ndege wenyewe wanaisha. Misitu ilikuwa imefyekwa na nyama yao inauzwa sokoni bila mpaka. Massachusetts, wa mwisho anayejulikana aliuawa 1851. Yaani kifaa cha kuita kilirahisishwa wakati sehemu nyingi hazikuwa tena na wa kuitwa.

Walipotaka kuwarudisha, walizalisha vifaranga kwenye mabanda na kuwaachilia msituni. Wakafa. Wakaleta wengine, nao wakafa, na majimbo mengi yakarudia hiyo stori miaka nenda miaka rudi. Kifaranga hufundishwa na mamake: mlio upi unamaanisha mwewe yuko juu, wapi pa kujificha, lini ni kupanda mtini. Watu walikuwa wameiga sauti ya jike vizazi kwa vizazi, kumbe kazi yake hawaiwezi.

Kilichowaokoa ni wavu. Mwaka 1951, South Carolina, walimwaga nafaka, wakangoja kundi la porini lije kula, kisha wakafyatua wavu kwa mizinga midogo ukawafunika. Ndiyo, bata mzinga alinaswa kwa mzinga. Hao walihamishwa wakiwa wazima, na akili zao zote za porini. Massachusetts ilipata 37 kutoka New York, 1972 na 1973. Leo jimbo hilo lina zaidi ya 30,000, na pale Brookline, kando ya Boston, wanasimamisha magari na kukimbiza watu barabarani. Hakuna aliyewaita.