Walikale kando ya mto Lowa: watawala walipita, watu walibaki



Mgeni anayefika kwetu siku ya sikukuu huona kanisa, soko na mto. Hawaoni wale wote waliokwisha kusimama hapa na kusema: «Nchi hii ni yangu.» Habari zao naziandika kwa kifupi, kusudi watoto wetu wazijue.

Mto Lowa huzaliwa katika milima ya Masisi, hupita Walikale, hushuka msituni hata ukaingia Lualaba. Zamani maji yalikuwa njia. Wanyanga, Wakano na Wakumu walikaa katika vijiji vidogo, wakiwinda, wakivua samaki na kupanda ndizi, kila kundi na mwami au mzee wake. Hapakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Hadithi kuu ya Wanyanga, ile ya Mwindo, ambayo mzee Candi Rureke alimsimulia mtaalamu Daniel Biebuyck mwaka 1956, yasema juu ya baba mtawala aliyemfungia mwanawe ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Basi mababu walijua tangu kale kwamba mtawala aweza kuikataa hata damu yake.

Kisha wakaja Wangwana. Katika miaka ya 1880 walienea katika nchi za Lualaba, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Karibu na mahali Lowa inapoingia Lualaba, kule Kirundu, alitawala Kibonge, mtu wa Komoro. Walichukua watu wengi. Lakini walituachia mpunga, na pia lugha hii ninayowaandikia, maana Kingwana ni jina lao. Maneno ya mnyang'anyi yamekuwa maneno ya sala zetu.

Serkali ya mfalme Leopold II, iliyoundwa mwaka 1885, iliwashinda Wangwana katika vita vya 1892 hata 1894, na Kibonge akauawa mwanzoni mwa 1895. Mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua Kongo. Wakubwa hao walitaka kodi, mpira na kazi. Ili kuwahesabu watu, waliamuru vijiji vitoke msituni na kupangwa kando ya barabara. Tangu hapo mto si njia kuu tena, na kila mtu akaandikwa katika kitabu cha serkali pamoja na kabila lake na chifu wake. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku za kazi ya lazima ziliongezwa toka 60 hata 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira. Mwanzoni mwa 1944 maasi yakawaka katika nchi za Masisi na Lubutu. Kiongozi wake Bushiri, mfuasi wa Kitawala, aliahidi mwisho wa utawala wa Wazungu. Askari waliyazima maasi hayo, na wengi wakafa.

Tarehe 30 Juni 1960 tukapata uhuru. Tukadhani kwamba mambo ya kuhesabiwa yamekwisha. Lakini mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka 1972 majina ya ubatizo ya kigeni yakakatazwa. Wananchi wote wakahesabiwa kuwa wa chama kimoja, MPR, na asubuhi ya salongo hakuna aliyethubutu kukosa.

Hata hapa, ndugu, twaweza kuwalaumu wengine. Lakini tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, hapa hapa Walikale, vijana wenye silaha wa makabila ya hapa waliwaua majirani zao Wanyarwanda, watu waliokuja kuuza na kununua. Moto ukasambaa hata Masisi. Siku ile walioua hawakuwa wageni. Kile kitabu cha kale kilichotugawa kwa kabila tulikuwa tumekihamisha kutoka ofisini na kukiweka moyoni.

Yaliyofuata twayajua. Mwaka 1996 na 1997 wakimbizi wa Rwanda walipita hapa kwa miguu wakielekea Tingi-Tingi, na vita nyuma yao. Mwaka 1998 vita vingine vikaanza. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kasiterite ya Bisie ikawavuta wenye bunduki wa kila namna. Wabebaji walitembea msituni na mizigo mizito mgongoni, na kule Kilambo ndege zilitua juu ya barabara yenyewe kuichukua. Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Angalieni jambo hili: kila mtawala mpya alikuja kwa barabara, na kila mara watu walikimbilia msitu ule ule ambao mababu walilazimishwa kuuacha. Vita vilipopoa, walirudi, wakasafisha mashamba, wakajenga tena. Hao waliorudi ndio historia ya Walikale.

Basi wazazi, wafundisheni watoto majina ya watawala na miaka yao, lakini msiwafiche habari za Ntoto. Mtoto anayejua mabaya ya wageni tu atajifunza kuchukia. Akijua na yetu, atajifunza kujichunga.

Tumsifu Yezu Kristu.