Sarafu za Dharura katika Mapinduzi ya Meksiko, 1913–1916: Ushahidi wa Kihistoria na Changamoto za Ukusanyaji

Mamlaka ya kutoa sarafu huhesabiwa kuwa miongoni mwa alama kuu za dola. Kwa hiyo, sarafu ya jeshi la waasi huwa na kazi mbili: kununulia mahitaji ya askari, na kudai kwamba aliyeitoa ndiye mtawala halali. Insha hii inachunguza sarafu za Mapinduzi ya Meksiko na kutoa hoja kwamba ushahidi ulio bora zaidi ndani yake ni ule ambao soko la wakusanyaji huudharau.

Mnamo Februari 1913, Jenerali Victoriano Huerta alimpindua Rais Francisco Madero, aliyeuawa siku chache baadaye. Majeshi yaliyoinuka dhidi ya Huerta, na baadaye yakageukiana yenyewe kwa yenyewe, yalichapisha noti kwa wingi. Wananchi waliziita bilimbiques kwa kejeli. Kundi moja liliposhinda, lilibatilisha noti za kundi lililoshindwa. Mchuuzi aliyelala na akiba aliamka na karatasi tupu. Sarafu za madini zikafichwa, na chenji ya sokoni ikaadimika.

Katika mazingira hayo, kila kundi lilitafuta njia ya kuaminiwa. Huko Cuencamé, jimboni Durango, majenerali Calixto Contreras na Severino Ceniceros walitoa peso ya fedha ya mwaka 1914 yenye maneno “Muera Huerta”, yaani “Huerta na afe”. Aliyeipokea alikuwa ameshika tamko la uasi kiganjani. Huko Guerrero, wafuasi wa Emiliano Zapata walitumia fedha ya migodini iliyochanganyika na dhahabu kidogo, wakaandika uzito wa dhahabu hiyo juu ya sarafu. Hawakumtaka mpokeaji aiamini serikali. Walimtaka aamini madini. Oaxaca, jimbo lililojitangazia mamlaka yake mwaka 1915 dhidi ya Venustiano Carranza, lilichagua sura ya Benito Juárez, mwana wa jimbo hilo na rais wa zamani. Lilitoa senti za shaba zenye umbo la mstatili, na mwaka 1916 likatoa hata sarafu ya dhahabu ya peso 60.

Wakusanyaji wameokoa vitu ambavyo vingeyeyushwa zamani, na mchango huo haupaswi kupuuzwa. Hata hivyo, soko hulipa zaidi kwa sarafu isiyochakaa. Kwa mwanahistoria, sarafu iliyosagika ndiyo inayoshuhudia kwamba watu waliikubali na kuipitisha mkono kwa mkono. Anayeisugua ili ing’ae hufuta sehemu ya ushahidi huo. Aidha, ugongaji wa asili ulikuwa wa mikono na wenye kasoro, hivyo kasoro pekee haimtofautishi mwigaji na fundi wa kweli. Kinachosaidia ni kumbukumbu ya mahali sarafu ilipopatikana na mikono iliyopitia, kumbukumbu ambayo mara nyingi hupotea sarafu inapouzwa.

Inapendekezwa, basi, kwamba wakusanyaji na makumbusho wahifadhi taarifa hizo pamoja na sarafu yenyewe, na wasizitupe zilizochakaa. Sarafu nzuri hutueleza kile ambacho wapiganaji walidai. Iliyochakaa hutueleza kama raia waliwasadiki.